Jinsi ya kuomba kimya kimya, peke yako, hata kama chumba ni kimoja na mko watano

Mie ni mtu wa sauti, nianze hapo. Kanisani kwetu huku Kisauni, Mombasa, kukiwa na kesha mimi ndo napewa maiki ikifika saa nane za usiku watu wakianza kusinzia, kwa sababu washajua nikianza hakuna atakayelala, na wale wa ploti ya nyuma pia hawalali, pole zao. Nimeomba hivyo miaka kumi na ushee. Halafu mwaka juzi baada ya kesha tatu za kufuatana sauti ikakauka, si ile ya mafua ya siku mbili, ilikauka kabisa, nikitaka kusema neno chatoka upepo. Daktari wa koo akanichungulia akasema nyuzi za sauti zimevimba, dawa ni hizi, na kubwa kuliko dawa ni siku kumi nisiongee, na kunong'ona pia nisinong'one maana kwa kunong'ona hukohuko ndo naumia.

Sasa mie kazi yangu ni mahamri. Unga naukanda usiku, alfajiri saa kumi naamka, nasukuma, nakata, nayaacha yafure tena kama dakika ishirini ndo mafuta yaende jikoni. Asubuhi ya kwanza ya ububu wangu nikakata mahamri yangu nikayapanga kwa sinia, nikayafunika na kitambaa, nikakaa kwa mbuzi ile ya kukunia nazi, nikasema moyoni haya, tuombe. Wacha nikwambie ukweli, hakuna kilichokuja. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, nipo tu naangalia lile sinia. Yale maneno yangu yote ya "ee Mungu wa majeshi" bila sauti yalikuwa kama ngoma isiyo na mtu wa kuipiga. Nikajiuliza kwani miaka yote hii nilikua naongea na nani?

Nimesema hayo ili ujue anayekuelekeza si mtawa, ni mtu aliyelazimishwa na koo. Haya nitakayoandika ni vile nilivyojifunza siku zile kumi na baada ya hapo, nayaeleza kama mapishi, wewe utaongeza chumvi kulingana na nyumba yako.

Hicho chumba cha ndani

Wengi twajua Mathayo sura ya 6, pale Yesu anaposema ukiomba ingia katika chumba chako cha ndani, funga mlango, uombe mbele za Baba yako aonaye sirini. Mtu wa Kisauni akisoma hapo anacheka, chumba cha ndani kipi na mie nina kimoja, ndo sebule ndo jikoni ndo pa kulala? Lakini lile neno la Kigiriki alilotumia Mathayo si la chumba cha fahari, ni la stoo, mahali pa kuwekea akiba, pa vyakula na vitu vya nyumba. Mimi hapo nilifurahi sana maana ndo mahali pangu hasa, kati ya gunia la unga na mtungi wa mafuta.

Na usije ukaelewa vibaya, Yesu hakupiga marufuku kuomba na wenzako. Sala yenyewe aliyofundisha mistari mitatu mbele yaanza na "Baba yetu", si baba yangu, na ukisoma Matendo wale wanafunzi walikua kila saa wamekusanyika waomba pamoja. Alichokua anakataa ni kuomba ili uonekane. Wale wa kusimama pembeni za njia anasema wamekwisha kupata thawabu yao, na neno hilo kwa Kigiriki ndo lilelile wafanyabiashara wa zamani walikua wanaliandika kwa risiti: nimepokea chote. Ni kama ile mesej ya M-Pesa ikiingia, pesa umeshapokea, huwezi kumrudia mtu ukamwambia hujalipwa. Ulitaka watu waseme huyu mama ana upako, wamesema, basi, biashara imeisha. Mstari wa 7 ndo ulonichoma zaidi, ule wa msipayuke-payuke. Nausoma huku daktari amenikataza kupayuka, nikaona hapa nimeshikwa pande mbili.

Utaombea wapi

Hapa ndo watu hukwama, wanangoja wapate mahali patulivu kwanza. Ndugu yangu, Mombasa hii hutapata. Nyumba zetu za Kiswahili unazijua, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba familia, choo na bafu uani, huyu ana redio, yule ana mtoto mchanga, na mwingine anagombana na mumewe tangu Jumamosi. Ukingoja kimya utangoja mpaka uzeekee hapo. Cha kutafuta ni mahali ambapo kwa dakika kumi hakuna anayehitaji kukuangalia. Kelele zinaweza kuwepo, kelele si hoja sana, hoja ni macho.

Kwa hivyo angalia maisha yako ya kawaida, pembe hiyo lazima ipo. Uani kabla wenzako hawajaamka. Ndani ya neti wenzio wamelala, umeegemea ukuta. Kama una tuktuk, pale stejini abiria hawajajaa, zima injini, hakuna anayemuuliza dereva kwa nini amenyamaza. Kama unaishi Likoni na kazi iko town una feri kila siku, na ile feri niamini ni mahali pazuri sana pa kuomba, watu elfu wamesimama lakini kila mtu yuko kwa mawazo yake, shika chuma, angalia maji, hakuna atakayejua. Hana mama yake Samweli aliomba hivyohivyo, midomo inatikisika sauti haisikiki, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Ukiona mtu amekukazia macho kwenye feri mkumbuke Hana.

Walio town mchana, makanisa mawili makubwa yako Nkrumah Road, Holy Ghost ya Wakatoliki na Memorial Cathedral ya Waanglikana, na kanisa likiwa halina misa lina ubaridi wake hata jua likiwa kali nje vipi. Mwombe mlinzi kwa adabu uingie ukae nyuma. Mama Ngina asubuhi mapema chini ya mibuyu pia pazuri, ila jioni usijisumbue, jioni ni mihogo na selfi. Na kitu kimoja tafadhali, hasa dada zangu: usiende ufuoni peke yako gizani eti unafuata mfano wa Yesu kule nyikani. Mungu yuko hapo kwa mlango wako pia.

Kama kweli huna hata pembe moja, tumia leso. Sifanyi mzaha. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Susanna Wesley, mama yake akina John na Charles Wesley, alizaa watoto kumi na tisa, wengi walikufa wadogo, na inasimuliwa kwamba alipotaka kuomba alikua anajifunika aproni yake kichwani, na watoto wakiiona wanajua sasa mama hasumbuliwi. Mie nilipoisikia nikasema aproni sina ila leso ninazo. Nikafunika kichwa, nikatulia, dakika ya pili hivi nikaona mwangaza waingia upande mmoja, kumbe kitindamimba wangu ameinua pindo anachungulia, aniuliza "mama umejificha nani?" Kwa vile siruhusiwi kuongea nikamvuta ndani tukakaa wote. Alilala humo humo. Siku hizi akiona leso kichwani apita mbali, lakini ilichukua wiki nzima kuzoea, usitarajie siku ya kwanza.

Saa gani

Saa yoyote unayoweza kuirudia kesho. Hilo ndo la maana, mengine ni upendeleo. Mtu wa shifti ya usiku bandarini akirudi saa moja asubuhi, kabla hajavua viatu akae dakika tano, hiyo ndo alfajiri yake. Mimi yangu imefungwa kwa mahamri, na sijapata kuona alamu nzuri kama hiyo kwa sababu hamri haliahirishwi, ukiliacha zaidi linafura kupita kiasi likiingia kwa mafuta lakunywa yote. Kwa hivyo dakika zangu zina mwanzo na mwisho hata nisipoangalia simu. Wewe tafuta kitu chako kama hicho, maji ya chai yakichemka, mbaazi zikiwa motoni, foleni ya maji ya mtungi.

Alfajiri lakini ina utamu wake huku kwetu. Mie zamani nilikua nalalamika adhana yaniamsha. Siku zile za ububu nikawa niko macho tayari nasikia mwadhini, na wajua ile ya alfajiri ina maneno ya ziada ambayo hayapo kwa zile zingine, kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Halafu nasikia jirani yangu mzee wa chumba cha mwisho afungua mlango pole pole, makubadhi yake yaburuza ukumbini aenda msikitini. Kila siku, mvua au jua. Hajawahi kunihubiria hata neno moja yule mzee, ila nilimwonea aibu, kwa sababu mie naitwa mwombezi na nilikua naamka kwa ajili ya unga tu.

Ukisoma Marko sura ya 1 utaona Yesu naye alikua mgeni kwa nyumba iliyojaa. Alikua kwa kina Simoni, na mama mkwe wa Simoni alikua na homa, jioni yake mji mzima umejaa mlangoni na wagonjwa wao. Alfajiri na mapema sana akatoka akaenda pasipo na watu akaomba. Na Simoni na wenzake wakamfuata, wakamwambia watu wote wanakutafuta. Hapo kila mama mwenye biashara anapaelewa. Hata yeye dakika zake ziliisha kwa mtu kubisha.

Sasa ukishakaa, unafanya nini

Simu kwanza. Usiiweke mfukoni ukaizima sauti, itaendelea kukuwasha tu. Mie naiweka ndani ya kopo tupu la samli juu ya kabati, mahali ambapo nikitaka kuichukua lazima nisimame na stuli, na nikifika juu ya stuli najionea haya nashuka.

Kaa vile utakavyoweza kukaa dakika kumi bila kuhangaika. Kupiga magoti ni vizuri kama magoti yako yakubali, yangu yaligoma zamani. Halafu usianze kuongea. Vuta pumzi, toa, ngoja. Hizi dakika mbili za mwanzo ndo ngumu kuliko zote na ndo watu wengi huziruka, wanarukia orodha: nipe kodi, nipe fee, mponye shangazi. Hebu fikiria mtu akija dukani kwako hata hodi hajapiga anaanza kutaja vitu. Zaburi ya 46 inasema acheni, mjue ya kuwa mimi ni Mungu. Kuacha nako ni kazi. Mie huwa naangalia tu mikono yangu ina unga, nasema moyoni niko hapa, wewe pia uko hapa. Basi.

Baadae soma kitu kifupi, polepole, kwa midomo. Zaburi ndo zilizonisaidia kwa sababu ni maneno ya kuomba tayari, wewe unaazima. Ziko 150, ukisoma moja kwa siku ni miezi mitano hivi na hujalazimika kubuni chochote, ila ile ya 119 igawanye, ina mistari 176, mahamri yataungua. Kama waanza leo, anza na ya 131. Ni mistari mitatu tu, na kuna pale mtu anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya kifuani mwa mama yake. Aliyewahi kumwachisha mtoto anajua maana yake, mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani anatafuta ziwa, anasukuma, analia, lakini aliyeachishwa akishazoea anakuja kukaa tu. Hataki kitu. Niliposoma hapo nilikaa na huo mstari siku nne sikwenda mbele.

Halafu sasa ongea. Na hapa nina ushauri ambao sijausikia kwa madhabahu yoyote: omba kwa lugha unayolalamikia. Wengi wetu Mungu twamwongelesha kwa Kiswahili cha mimbari ambacho hata soko la Kongowea hatukitumii, "twakunyenyekea ewe uliyetukuka", na wengine wanachanganya na Kizungu ili iende juu zaidi. Ukiwa peke yako hayo weka chini. Kama ni Mgiriama omba Kigiriama, kama ni Mtaita omba Kitaita, vile ungemwambia nyanyako ukiwa umekaa naye jikoni. Mie siku ya tano nilijikuta nasema moyoni kwa Kigiriama, "Nimechoka, na yule dada wa kwaya namchukia." Nikashtuka. Miaka kumi na ushee ya maombi ya moto sikuwahi kusema hivyo hata siku moja, kwa sababu kwa maiki hayasemeki hayo, yule dada wa kwaya yuko mstari wa pili.

Ndo utamu na ubaya wa kuomba faraghani, kwamba hakuna wa kumpendeza. Deni unalomficha mumeo litajitokeza. Wivu, hamu isiyofaa, shaka kama Mungu yupo, yatatoka. Usiyafunike na haleluya. Yaseme yalivyo, mara moja, usirembeshe, halafu nyamaza tena uone.

Ukikosa maneno kabisa usilazimishe. Warumi 8 inasema hatujui kuomba itupasavyo na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hivyo ukiguna tu imeshahesabika. Au chukua sentensi moja uirudie polepole na pumzi. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alikua na moja tu, Mungu uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na akarudi nyumbani amehesabiwa haki kuliko yule aliyetoa hotuba. Wakristo wa Orthodoksi wana sala yao kama hiyo wanaitumia tangu zama za kale, Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi, nusu ukivuta pumzi nusu ukitoa. Kuna atakayeniuliza si hio ndo payuka-payuka yenyewe? Mie naona tofauti iko kwa nia, payuka-payuka ni kudhani wingi wa maneno utamchosha Mungu akubali. Hii ni kama mtoto kuita mama, mama, hataki kitu, anataka kujua yupo.

Majina ya watu yaandike. Mie naandika nyuma ya pakiti ya unga, watatu kwa siku, si ukoo wote. Nalitaja jina, namwona uso, nanyamaza kidogo, naenda kwa mwingine. Yule dada wa kwaya alikaa kwa pakiti mwezi mzima.

Mawazo yakikutoroka

Yatatoroka. Kodi, mbaazi nimetia chumvi?, stima tokeni imebaki ngapi, na ule wimbo wa matatu wa jana. Usijigombeze, ukijigombeza ushapoteza dakika nyingine tatu unajigombeza. Mie nafanya hivi, wazo likija nalitaja kwa Mungu vile lilivyo, "hii ni tokeni, stima yaisha leo," halafu narudi kwa ile sentensi yangu. Ukirudi mara ishirini kwa dakika kumi, hiyo ndo sala yenyewe ya siku hiyo, mara ishirini umerudi. Usingizi ukizidi simama, osha uso, omba ukitembea uani. Na kama kila siku unalala pengine tatizo si la kiroho, walala saa ngapi wewe?

Kuna siku hutasikia chochote. Si siku, majuma. Kwa sisi wa ibada za moto hili linatisha kwa sababu tumezoea kupimia maombi kwa msisimko, kama hukulia hukuomba. Soma Zaburi ya 88, yule mtu analia mwanzo mpaka mwisho, hakuna pambazuko, neno la mwisho ni giza, na bado iko ndani ya Biblia imewekwa tuitumie. Kule Mkomani, Nyali, kuna kaburi la Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf yule mmishonari Mjerumani, walifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo mke akafa na kitoto chao kichanga, homa. Krapf naye alikua hoi kwa homa hiyohiyo. Alivyoomba usiku ule hakuna shahidi. Mie nikikaukiwa huwa nafikiria tu hilo kaburi, kisha nakaa dakika zangu hadi ziishe, kavu hivyohivyo, naenda kuwasha jiko.

Vikengele vya mchana

Alfajiri peke yake haitoshi, saa nne ushasahau. Wajua steji ya Kengeleni imepata jina kwa ile kengele ya Freretown, pale watumwa waliokombolewa walipowekwa makao miaka ya 1870. Sasa mie kila matatu ikipita pale nasema sentensi moja moyoni, moja tu. Wewe chagua pako, daraja la Nyali, kizuizi cha feri, geti la kazini. Danieli alikua na nyakati zake tatu kwa siku, mie nina Kengeleni mara mbili, kwenda na kurudi.

Kisha nyamaza nayo

Hili ni gumu kwetu sisi watu wa simu. Usipige picha ya Biblia na kikombe cha chai ukatia status saa kumi na moja kasoro "mimi na Bwana wangu". Ni ile risiti niliyosema, ushalipwa kwa laiki. Mwambie wa nyumbani tu unahitaji dakika kumi, usieleze zaidi. Mume wangu alidhani mwezi mzima kwamba nachunga mahamri.

Ila kuna siri ambazo hazifai kukaa chumbani. Kama unapigwa nyumbani, kama umeumwa na tumbo miezi miwili, kama wafikiria kujidhuru, ongea na Mungu ndio, halafu utoke hapo umwambie mtu, nenda hospitali, nenda kwa jamaa unayemwamini. Nimeona wamama wanaomba kimya kimya juu ya kitu ambacho kingetakiwa kupigiwa kelele.

Sauti yangu ilirudi siku ya kumi na mbili, nzito kidogo mpaka leo. Kesha iliyofuata saa nane nikaletewa maiki kama kawaida. Nikaishika, nikaomba, bado naomba kwa nguvu hiyo sitakudanganya, mie ndo nilivyoumbwa, lakini katikati nilinyamaza kidogo na kanisa zima likanyamaza nami, nikasikia feni. Kijana wa mitambo alidhani waya umekatika akaja mbio.

Sasa yanitosha, hapa saa kumi na moja na robo, nimenyanyua kitambaa mahamri yamefura vizuri, na yule wa tuktuk ashaanza honi pale nje ataka manane na mbaazi za hamsini, na mafuta hata sijayaweka.